Namba ya Kiwanda, Tundu la Fundi

Shemeji yangu hutia sukari kwenye chai bila kijiko. Anamimina tu kutoka mkebeni. Lakini mweke mbele ya kabureta ya gokati, utamsikia akizungumza kwa sehemu za mia za milimita. Wanawe wanashindana, na mimi, mjomba nisiye na kazi Jumapili, nimepewa cheo cha mtunza jeti.

Jeti ni kipande cha shaba kinachopotea hata kwenye kiganja, chenye tundu la kupitisha petroli. Kwenye kabureta zetu za Dell'Orto, namba iliyopigwa juu yake ndiyo kipenyo cha tundu: 150 ni milimita 1.50. Tundu likizidi, injini inakohoa na plagi inatoka nyeusi, imelowa. Likipungua, gari linachomoka kwa raha, kisha pistoni inakwama, maana hizi ni injini za kuchanganya oili kwenye petroli. Ukiinyima petroli, umeinyima na oili. Balaa ni kwamba gari hukimbia vizuri kuliko siku zote likikaribia kufa.

Krismasi tulishuka Mombasa, gari tumelifunga nyuma ya pikapu. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 16. Hewa nzito inadai petroli zaidi.

"Shemeji, nipe 158," akaniagiza, mkono ameunyoosha kama daktari wa upasuaji.

"Ipi? Ziko mbili."

"Si zote ni 158?"

Nikatoa pini za kupimia, vijiti vya chuma vinavyozidiana unene kwa sehemu moja ya mia. Jeti ya kwanza ilipokea 1.58, ikaigomea 1.59. Ya pili ilimeza 1.59, ikameza 1.60, ikafika 1.62 bila haya. Kwa eneo la tundu, hilo ni ongezeko la asilimia 5. Hiyo ilikuwa imepita kwa fundi wa mtaani, ambaye huzibua jeti kwa uzi wa waya wa klachi, akisugua mbele na nyuma huku akipiga soga. Shaba ni laini. Nilipomlalamikia baadaye alinijibu, "Mkubwa, namba ni ya kiwanda, tundu ni la fundi."

Jirani yetu uwanjani, mtu mwema, akatuletea 158 yake. Ya Mikuni! Jeti zao nyingi huhesabiwa kwa kiasi cha petroli kinachopita, si kwa kipenyo. Tulimshukuru, tukairudisha. Na hata pini haioni kila kitu: mdomo wa tundu ukichongwa vingine, petroli hupita vingine, kipenyo kikiwa kilekile.

Tukafunga ile ya kweli. Plagi ikatoka kahawia, safi kabisa. Lakini mtoto bado aliachwa kila penye mnyoosho. Dada yangu, aliyekuwa kivulini na chupa yake ya chai, akauliza kama kuna aliyempima huyo kijana tangu afike kwa shangazi yake: asubuhi mahamri kwa mbaazi, mchana biriani, usiku biriani iliyobaki.

Shemeji hakumjibu. Alinigeukia, akaniambia niandike kwenye daftari, safu ya sababu: "Unyevu wa pwani."