Chagua Bisibisi Mbovu, Nami Nisomeshe Watoto

Mwongozo huu ni wa bure, na anayeutoa ni mtu anayekula kwa makosa yako. Natengeneza mashine za fotokopi na printa katika maofisi na steshenari za Dar es Salaam. Kwa miaka yote ya kazi hii, kinachoniletea kazi nyingi si mashine iliyochoka. Ni mtu mmoja mwenye nia njema, mara nyingi wa idara ya uhasibu, ambaye karatasi imemkwamia saa nne asubuhi, akakunja mikono ya shati na kuuliza, "Nani ana bisibisi hapo?"

Swali hilo masikioni mwangu ni kama mlio wa simu pesa inapoingia. Ukitaka niendelee kuja, fuata haya.

Kwanza, usihangaike kutafuta bisibisi. Ofisi inayojiheshimu haikosi kisu cha keki za siku za kuzaliwa. Ncha yake nyembamba itaingia kwenye msalaba wa skrubu, ila itashika mabawa mawili tu kati ya manne. Zungusha kwa hasira mara tatu na ule msalaba utageuka shimo la duara, safi kama kikombe cha kahawa. Hapo haipatikani tena bisibisi ya kuishika, na mimi nitakuja na drili. Drili ina bei yake.

Ukiona kisu kinakutia aibu mbele ya wageni, tumia tesita. Ni ile bisibisi nyembamba yenye mpini wa plastiki angavu na kitaa ndani, inayolala kwenye droo ya jikoni pamoja na betri zilizokufa. Kazi yake ni kugusa waya na kukuonyesha kama una umeme. Shingo yake haikuumbwa kulegeza skrubu iliyokazwa kiwandani, na ndiyo maana ya kwako imepinda. Faida yake kubwa ni ule ujasiri inaokupa. Utachomoa mashine, utaigusisha tesita kwenye bodi ya umeme, kitaa hakitawaka, nawe utasema pako salama. Kumbe kwenye umeme wetu wa volti 230, kapasita kubwa ya bodi ile hujaa hadi volti 325 hivi, na huweza kubaki nazo hata waya ukiwa mkononi mwako. Hapa naweka utani kando: bodi hiyo usiiguse. Mteja aliyerushwa na umeme huchelewa sana kulipa.

Sasa tuseme umekubali kununua. Nenda Kariakoo, umwambie muuzaji, "Nipe ya nyota." Usiseme namba. Akikuuliza namba, mwambie yoyote. Atakupa seti ya vipande arobaini ndani ya kisanduku cha plastiki, kwa bei ya chipsi mayai mbili na soda. Chukua. Chuma chake ni laini hivi kwamba kufikia skrubu ya tano hutajua kilicholika ni kichwa cha skrubu au ncha ya bisibisi, na kwa kawaida ni vyote viwili.

Na hiyo nyota yenyewe ina siri ambayo kibiashara sikupaswa kuitoa. Nyota hizi si moja. Ile maarufu inaitwa Phillips, kwa jina la Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936, na watengenezaji wa Cadillac walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuifunga kwenye magari. Kuta za msalaba wake zimelala kidogo, kwa hiyo ukizidisha nguvu bisibisi inapanda yenyewe na kutoka nje. Wajapani nao wana msalaba wao, unaofuata kiwango chao cha taifa kiitwacho JIS. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Lakini ncha ya Phillips ikiingizwa kwenye skrubu ya JIS haifiki chini. Inakaa juujuu, kama mgeni aliyekalia ukingo wa kochi akisubiri kuambiwa ajisikie nyumbani. Ukikaza mkono, inaruka.

Sasa itazame mashine iliyo pembeni yako. Canon? Ricoh? Kyocera? Sharp? Konica Minolta? Zote asili yao Japani. Umenielewa.

Skrubu ya JIS mara nyingi ina kinukta kidogo kichwani, kama chanjo ya utotoni. Ukikiona, jifanye hukukiona. Ukikitilia maanani utaanza kutafuta bisibisi za JIS, zile za Vessel kwa mfano, na utagundua kwamba zinafungua hata skrubu za Phillips bila ugomvi wa maana. Utajua kwamba namba 2 inamaliza sehemu kubwa ya mashine, na namba 1 inatosha kwa zile skrubu ndogo za sensa na bodi. Ukifika hapo, Jumamosi zangu zitakuwa za kucheza bao.

Mimi mwenyewe nilizilaumu skrubu kwa miaka. Nilisema ni mbovu, zimekazwa na majini, zimetoka kiwanda feki. Siku moja mzee tuliyekuwa tukifanya naye kazi alinitazama nikihangaika na moja, akaichukua bisibisi yangu mkononi, akaniwekea yake, akarudi kwenye chai. Skrubu ikatoka. Mzee hakusema neno mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kuna pia printa zenye nyota ya ncha sita, Torx, na hasa saizi ya T10. Hiyo ilazimishe kwa bisibisi bapa. Itakubali mara moja, na hiyo ndiyo itakuwa ya mwisho.

Kuhusu sumaku, nunua yenye nguvu kuliko zote. Fundi mwenye akili anataka sumaku kidogo tu, ya kushikilia skrubu isidondoke. Wewe taka ile inayonyanyua rundo la funguo za ofisi nzima. Kisha iinamishe karibu na developa. Mashine nyingi kubwa huchanganya tona na chembechembe zenye asili ya chuma, ndizo zinazoibeba tona hadi kwenye dramu. Bisibisi yako itatoka humo na ndevu nyeusi, imara kabisa. Bila kuzifuta, isogeze kwenye dramu, ule mviringo unaong'aa kijani au buluu, uupe kidonda kimoja kidogo tu.

Kidonda hicho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kina hesabu. Dramu yenye kipenyo cha milimita 30 ina mzingo wa milimita 94 hivi. Kila inapomaliza mzunguko, doa linarudi. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo utapata madoa matatu au manne yaliyopangwa wima kama vifungo vya shati, kwenye kila barua, kila ankara, na kwenye mkataba wa bosi. Watu watasafisha kioo cha juu wiki nzima. Mimi nitakuja na rula, nitapima kutoka doa hadi doa, na nitaandika "dramu mpya" kabla ya kufungua kifuniko. Mteja huniona mganga.

Urefu nao usiufikirie. Skrubu kadhaa zimejificha ndani ya matundu marefu na zinahitaji shingo ya sentimita 20 au zaidi. Wewe nenda na fupi, uiingize mpaka mpini ukwame, kisha umalizie kwa kidole. Skrubu ikidondokea tumboni mwa mashine, usiitafute. Washa. Itajitafuta yenyewe kati ya gia.

Zipo pia skrubu zilizopakwa rangi, nyekundu au vinginevyo, mara nyingi karibu na leza na vioo. Rangi ile inasema kwamba mtu alipima sehemu hiyo kwa kifaa, akaifunga, na akaomba isiguswe. Fundi maiko huanza na hizo.

Fyuza, pale tona inapoyeyushwa ishike karatasi, hufanya kazi kwenye nyuzi 180 hadi 200 hivi za Selsiasi. Haina haja ya kupoa, wewe una haraka. Ile Xerox 914 ya mwaka 1959, mashine ya karibu kilo 300, ilikuwa na tabia ya kuunguza karatasi, na kampuni ikawa inawapa wateja mtungi wa kuzimia moto uliopewa jina la kistaarabu, "kiondoa mwunguzo". Wenzako wa leo wana kikombe cha maji ya kunywa. Na soketi iko hapohapo chini.

Ukifika kwenye kurudishia, ndipo utajiri ulipo. Skrubu inayoingia kwenye plastiki ilijichongea njia yake siku ya kwanza. Mjuzi huizungusha kwanza kinyume, taratibu, mpaka asikie "tk" ya meno kuangukia njia yao ya zamani, ndipo akaze. Wewe kaza moja kwa moja. Itachonga njia ya pili juu ya ya kwanza, na baada ya mara mbili tatu tundu litakuwa limebaki na unga. Na zile ndefu na fupi changanya tu kwenye kisahani kimoja. Ndefu ikiingia mahali pa fupi, ncha yake itatokea upande wa pili, na mara nyingine upande wa pili kuna bodi.

Jana alinipigia dada wa mapokezi wa ofisi moja hapa mjini, sauti ya chini kabisa, ya mtu anayeficha simu chini ya meza.

"Fundi, shikamoo. Wameshaifungua wenyewe na wameshaifunga. Wewe njoo uangalie tu."

"Marahaba, dada. Zimebaki skrubu ngapi?"

Kimya. Nikasikia kitu kikihesabiwa juu ya meza.

"Saba."

Nikamwambia aziweke kwenye bahasha, asimpe mtu, nipo kwenye bodaboda.