Wazee Wasikaribiane: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Mipango Miji

Waheshimiwa Wajumbe,

YAH: OMBI LA KUAJIRIWA KWA AFISA MTENGANISHA WAZEE

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa kazi kubwa ya kuulinda mji wetu. Mmetulinda na viwanda, mkatulinda na machinjio na baa za usiku, na sasa mmetulinda na bibi wa miaka 88 anayelala saa mbili kamili. Mlipoinyima kibali nyumba yangu ya vyumba vitano, kwa kuwa imepungukiwa futi arobaini kufikisha zile 1,320, yaani robo maili, zinazotakiwa kati ya nyumba moja ya wazee na nyingine, nilielewa papo hapo. Uzee unaambukiza, ila hauwezi kuruka robo maili.

Kijana wenu alikuja na lile gurudumu la kupimia lenye mpini. Tik, tik, tik, kutoka kwenye fensi yangu hadi fensi ya mwenzangu Mkenya wa kona ya pili, naye ana wazee wake watano. Alipofika akasoma namba, akakunja uso, akarudi akapima upya, safari hii akiambaa ukingo kabisa wa njia. Nadhani alikuwa ananitafutia futi. Yeye walau alitafuta.

Najua futi hizi hamkuzitunga ninyi. Zina ukoo. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya shirikisho huku Marekani ilizibariki robo maili za St. Paul, Minnesota, kati ya nyumba za watu wanaohitaji uangalizi. Mwaka 1996 mahakama nyingine ya ngazi ile ile ikazitupa futi 1,500 za Michigan, ikasema huo ni ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu, kinyume cha sheria ya makazi ya haki kama Bunge la Marekani lilivyoirekebisha mwaka 1988. Kwa hiyo kama jambo ni ubaguzi au ni mipango mizuri, inategemea mtu amezeekea jimbo gani. Waliozeekea jimbo la Washington ndio wenye bahati: huko sheria ya jimbo inazihesabu nyumba ndogo za wazee kuwa makazi kama makazi mengine, ziruhusiwe popote zinaporuhusiwa nyumba za familia. Sijasikia kwamba mji wao wa Seattle umezama.

Lakini sikuandika kulalamika. Nimeandika kusaidia, maana kanuni yenu haijakamilika. Inatenganisha nyumba, halafu inawaacha wazee wenyewe wakizurura ovyo na kukaribiana watakavyo. Ndiyo maana naomba aajiriwe Afisa Mtenganisha Wazee.

Apewe koti la njano linalong'aa, filimbi, na gurudumu lile lile. Jumapili awe mlangoni mwa kanisa. Mzee wa kwanza kufika akae benchi la mbele; wa pili, kwa hesabu ya futi 1,320, ataangukia kituo cha mafuta, afuatilie ibada kwa kipaza sauti na apelekewe komunyo kwa baiskeli. Siku za kazi ashinde dukani. Bibi wawili wakinyoosha mkono kwenye mkate mmoja, filimbi! Mmoja atoke nje asubiri kule mwisho wa maegesho hadi mwenzake alipe. Vipimo vichukuliwe kutoka ncha ya mkongojo hadi ncha ya mkongojo, na kwa wenye viti vya magurudumu, kutoka ekseli hadi ekseli, ili pasiwe na malalamiko. Mwenye kutimiza miaka 65 usiku wa manane huku jirani yake ameshaitimiza, basi aliyechelewa kuzeeka ndiye ahame, kabla hakujapambazuka.

Waliooana na kuzeeka pamoja tusiwaonee. Wapewe siku tisini za kuamua nani abaki na nyumba. Maadhimisho ya ndoa yafanyike kwa kupungiana mkono kutoka ncha mbili za mtaa, Afisa akiwa katikati ameshika saa. Afisa mwenyewe awe kijana, la sivyo kuna siku atalazimika kujipigia filimbi. Na kwa heshima zote, waheshimiwa, mvi nilizoziona kwenye meza yenu zimekaribiana mno. Kikao kijacho kifanyike kwa darubini.

Mengine ni madogo. Maegesho sita mnayotaka niyamwagie lami mbele ya nyumba nitayajenga siku mtakaponionyesha dereva. Wazee wangu walinyang'anywa funguo na watoto wao zamani. Kuhusu ving'ora vya magari ya wagonjwa, nitawaomba wakazi waugue saa za kazi.

Kuhusu maoni ya majirani, niliyasikia yote. Nilisimama kwenye kile kikao cha hadhara nikaitazama taa ya kunihesabia dakika tatu za kusema ikitoka kijani hadi njano. Mama mmoja alisema anawapenda sana wazee, hata mama yake mzazi yuko kwenye nyumba kama yangu, inamfaa kweli kweli. Iko mji mwingine. Baada yake akasimama bwana aliyekuja na picha za mapipa yangu ya taka, akaingia kwenye thamani ya nyumba yake. Mlitikisa vichwa kwa huruma. Kwa yule bwana.

Sasa niwaulize. Kuna bibi anasubiri kitanda kwangu. Amekaa mtaa huu tangu nyumba zake zijengwe. Akiishi peke yake, akateleza bafuni na kulala sakafuni mpaka asubuhi na nguo zimelowa, hayo ni matumizi halali ya eneo la makazi. Akiishi na wenzake wanne na mtu wa kumnyanyua, hiyo ni biashara, inaharibu sura ya mtaa. Hivyo ndivyo mlivyoandika, na mkapiga muhuri.

Na sisi wahamiaji je? Semeni tu. Tukiwa wabeba maboksi, tunawageuza wazazi wenu kitandani saa nane za usiku, tunawafuta, tunawaimbia, tunakuwa malaika. Mnatuletea keki ya Krismasi. Tukija na hati ya nyumba mkononi, mnauliza ni magari mangapi yatakuwa yanaingia na kutoka. Lafudhi ni ile ile. Mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni nani mwenye ufunguo, na hilo ndilo linalowakosesha usingizi. Foleni ya magari ni kisingizio.

Niwieni radhi, waheshimiwa, kalamu iliteleza. Nilikuwa kwenye suala la Afisa.

Mshahara wake hautakuwa tatizo. Chukueni kwenye ada ya maombi niliyolipa, ile ambayo karani wenu alinieleza, kwa tabasamu zuri, kwamba hairudishwi hata ombi likikataliwa. Gurudumu mnalo tayari. Filimbi nitanunua mimi.



Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji Aliyepungukiwa Futi Arobaini

Nakala: Bwana wa picha za mapipa, kwa taarifa.