Sifa za Alama Nyekundu

Waungwana, katika vyote vinavyotukanwa na waandishi wa programu, sijaona kilichoonewa kama ile alama nyekundu inayowaka kwenye skrini dakika chache kabla toleo jipya halijatoka, ikitangaza kwamba ukaguzi wa usalama umekataa. Imelaaniwa kwa kila lugha ya pwani na bara. Mimi naisifu. Ni pole, haipazi sauti. Haijui cheo: mkurugenzi na kijana wa mafunzo huwazuia sawasawa. Haipokei chai. Haya nayapita upesi, kwa kuwa fadhila yake kuu ndiyo inayostahili wino.

Fadhila hiyo ni kwamba programu isiyotoka haidukuliwi. Upimeni wenyewe ukubwa wa neema hii. Mfumo uliokwama kwenye ukaguzi hauna watumiaji, kwa hiyo hauna nywila za kuibiwa. Hauna data ya mtu, kwa hiyo hauwezi kuivunja Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 hata kwa bahati mbaya. Wala hakuna siku utalala, maana haujapata kuamka. Wakala wa forodha anayeambiwa kwamba sistimu imelala na kasha lake halitoki leo, angalau angejua tangu mwanzo kwamba hakuna sistimu, akaenda zake kula. Hata stesheni ya treni ya SGR hapa Miritini, Mombasa, haijafikia ukamilifu huu. Abiria hupanga mizigo chini mbwa wainuse, huipitisha kwenye eksirei, huonyesha tiketi na kitambulisho, kisha, kwa uzembe usioelezeka, huachwa wapande treni! Kwa mantiki ya alama yetu, ingeongezwa foleni nyingine, na baada yake nyingine, hadi abiria wazeekee langoni, kwani treni isiyoondoka Miritini haijapata kugonga ndovu Tsavo. Nishani ya usalama ingekwenda kwa behewa linaloota kutu.

Lakini mbona inawaka hata pasipo na moto? Hapa sifa zinanikwama kooni. Chombo cha ukaguzi hununuliwa kwa fedha nyingi, kikawashwa na kanuni zake zote kama kilivyotoka kwa mwuzaji, na hakuna aliyekaa kitako kuchagua zipi zinahusu kazi yetu. Basi hulilia nywila ya mfano iliyo ndani ya faili la majaribio kwa kilio kilekile cha kulilia ufunguo halisi wa hifadhidata. Maonyo hufika kwa mamia, hayana mwenyewe, na kufikia Ijumaa jioni kuna mtu amekwisha kuuzima ukaguzi wote ili toleo litoke. Kando ya chombo hicho kuna jedwali la kuthibitisha kwamba kanuni zimefuatwa, lenye maswali marefu na jibu moja tu, ndiyo, kutoka juu hadi chini. Aliyelijaza hajauona mfumo, aliyelipokea hajalisoma. Jamani, karatasi ile inamlinda nani? Inamlinda aliyeijaza, basi.

Watajibu wakubwa kwamba wananchi wanangoja huduma, na ukaguzi unawachelewesha. Hoja ina uzito, ila historia yetu wenyewe inaipinga. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 35 walisajiliwa kwa ajili ya namba ya utambulisho iitwayo Huduma Namba, na Novemba 2020 kadi zikazinduliwa kwa shangwe. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah wa Mahakama Kuu aliubatilisha utoaji wa kadi hizo, kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, inayotakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria hiyohiyo ya Ulinzi wa Data, haikufanywa kwanza. Hatua moja ya ukaguzi, tena iliyoandikwa na Bunge, ilirukwa. Muda ukaliwa mahakamani. Mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) nao ulianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, kwa takriban Shilingi bilioni 104.8. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliporipoti kwamba serikali haiumiliki mfumo huo, wagonjwa walikuwa tayari wanasajiliwa ndani yake.

Au tutazame huduma zaidi ya 5,000 zilizozinduliwa rasmi kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, tarehe 30 Juni 2023. Haukupita mwezi, mtandao huo ukashambuliwa kwa kusukumiwa maombi mengi kuliko ulivyoweza kujibu. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini watu walikosa huduma, na hata kukata tiketi za treni kwa mtandao kulivurugika. Mbwa wa Miritini hawakuwa na hatia: kazi yao ni mizigo. Maombi ya kufurika hupimwa kwa jaribio la mzigo, kabla ya tarumbeta.

Wengine watasema, basi mashine ikague yote, watu wakae kando. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, inayouza ulinzi wenyewe, ilitoa sasisho bovu likaangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows duniani. Chombo chake cha kukagua kilikuwa na kasoro, kikalipitisha. Mlinzi naye hukaguliwa, na kazi hiyo inataka mtu mwenye jina. Kanuni ziwe chache na zichaguliwe na wanaoujua mfumo. Ziwashwe siku msimbo unapoandikwa, si usiku wa kuamkia uzinduzi. Na anayetaka kupita juu ya alama nyekundu atie sahihi, aandike sababu na tarehe ambayo ruhusa yake inakwisha. Nimeona wakubwa wakikubali kila sharti katika haya isipokuwa lile la sahihi.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa habari utakayealikwa kwenye uzinduzi ujao, kabla hujapiga picha ya utepe, omba uonyeshwe tathmini, usome tarehe yake, kisha uliza ni nani aliyetia sahihi.