Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maji, kutoka kwa Mfuga Sato

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji, mlinzi wa mabomba yetu, mshika funguo za koki kuu zote za mji huu,

Kwa heshima na taadhima nakuamkia: shikamoo. Nasikia umri wako ni mdogo kuliko wangu, lakini cheo chako kimenitangulia mbali, na mimi nakiamkia cheo. Baada ya salamu, naulizia hali yako, hali ya familia yako, hali ya makatibu muhtasi wako ambao hupokea barua zetu kwa tabasamu na kuzigonga muhuri, na hali ya makabati yanamohifadhiwa barua hizo. Mimi ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu. Sato wangu ndio walionifanya nishike kalamu.

Mheshimiwa, muungwana hushukuru kabla ya kuomba. Nakushukuru kwa klorini. Mwaka 1897 mji wa Maidstone, Uingereza, ulipovamiwa na homa ya matumbo, mabomba yake yalisafishwa kwa dawa hii. Mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ukaanza kuitia kwenye maji ya bomba kila siku, na dunia ikafuata. Sisi tulioona kipindupindu kikianzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani hatuhitaji kuhubiriwa faida yake. Kwa hiyo nakusihi, asije mtu akakwambia kwamba mfuga samaki fulani anataka klorini ipunguzwe. Watoto wa mtaa wetu wanakunywa maji haya, na uhai wao uko mbele ya bwawa langu.

Nakushukuru pia kwa tangi kuu ulilolijenga kilimani, hatua chache kutoka uani kwangu. Klorini hupungua nguvu kadiri maji yanavyosafiri bombani, hivyo wateja wa mwisho wa laini huipata ikiwa imechoka. Sisi majirani wa tangi huipata ikiwa mbichi. Ni upendeleo ambao hatukuuomba, nawe ulitupatia bila kutudai nyongeza.

Niruhusu sasa, kwa unyenyekevu, nieleze jambo ambalo huenda shughuli zako nyingi zimekunyima nafasi ya kulitazama. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafike kwa mteja yakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, na linahesabu kwamba binadamu anaweza kunywa yenye hadi miligramu 5 bila kudhurika. Sisi tunayameza, na klorini huishia mdomoni na tumboni. Samaki hayamezi tu, huyavuta yapite kwenye matamvua, na hapo damu yake imetenganishwa na maji kwa ngozi nyembamba mno. Klorini huiunguza ngozi hiyo, naye hukosa pumzi akiwa ndani ya maji. Mamlaka ya mazingira ya Marekani iliweka kikomo cha miligramu 0.011 kwa lita kwa viumbe wa maji baridi wanaokaa humo muda mrefu. Yaani kiwango cha chini kabisa kinachomfaa binadamu ni mara 18 ya kile anachoweza kuvumilia samaki. Maji yako ni salama, Mheshimiwa, na maji hayohayo huua. Hakuna kosa katika hilo. Linahitaji taarifa tu.

Na kwa kukosa taarifa, tumeelimika, jambo ambalo nalo nakushukuru. Wafugaji wa mtaa huu, na hata wenye vioo vya samaki wa mapambo sebuleni, sasa ni wasomi wa kemia. Tunajua kuyajaza maji kwenye simtanki na kuyaacha wazi siku nzima, tukiyakoroga au kuyapulizia hewa, ili klorini itoke. Jua nalo husaidia kuivunja. Tunajua kwamba klorini ikichanganywa na amonia kuwa kloramini, kusubiri hakusaidii, hivyo ni lazima maji yatiwe dawa au yapitishwe kwenye mkaa maalumu wa kuchujia. Tunajua kwamba vitamini C huiua klorini. Zaidi ya yote tunaijua thiosulfeti ya sodiamu, chembe nyeupe zilezile ambazo wapiga picha wa zamani walizitumia kwenye chumba cha giza.

Hesabu yake ni hii: takriban miligramu 7 za chembe hizo kwa kila miligramu moja ya klorini. Simtanki la lita 1,000 lenye klorini ya miligramu 0.5 kwa lita linahitaji gramu 3.5. Likiwa na miligramu 5 kwa lita, linahitaji gramu 35. Dawa ni rahisi na hesabu ni ya shule ya msingi. Namba moja tu ndiyo inayokosekana, yaani kiasi cha klorini cha siku hiyo, nayo iko ofisini kwako.

Ndipo ikaja siku uliyotusafishia mabomba. Nakushukuru kwa usafi huo. Kwa desturi ya kazi, bomba likisafishwa hutiwa klorini nyingi kuliko ya kila siku, kisha maji hayo humwagwa kabla wateja hawajafunguliwa. Sisi tulifunguliwa kwanza. Nilijaza simtanki, nikatia thiosulfeti kwa kipimo cha maji unayotupatia siku zote, nikasubiri kama kawaida, nikafungulia bwawa. Sato wakapanda juu wakihema midomo wazi, wakazunguka, wakalala ubavu. Hata bakteria wema waliokuwa kwenye kichujio, wanaoigeuza amonia ya kinyesi cha samaki isiwe sumu, walikufa nao, hivyo wachache waliookoka klorini walimalizwa na uchafu wao wenyewe. Sato hao walikuwa wamebakiza wiki chache kufika sokoni. Walikuwa ada ya shule ya watoto wangu.

Jioni hiyohiyo simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka ofisi yako tukufu, ukinitaja kwa jina langu kamili, namba ya mita, uniti nilizotumia na siku ya mwisho ya kulipa. Nilifarijika kujua kwamba namba yangu unayo, kwamba mitambo yako ya kutuma ujumbe haina hitilafu, na kwamba maji yaliyoua samaki wangu yamehesabiwa kwa usahihi hadi uniti ya mwisho. Nimelipa.

Kwa hiyo ningeweza kukuomba ujumbe mmoja zaidi: "Kesho klorini itaongezwa, kiasi ni hiki." Ni maneno machache kuliko ya bili. Lakini nimekwisha kuliomba hilo kwa barua zenye muhuri wako, na nimeelewa kwamba ombi dogo namna hiyo haliifikii meza kubwa namna hiyo. Nisamehe kwa kukusumbua na madogo. Leo naleta kubwa.

Mjini Warsaw, Polandi, idara ya maji inafanya kazi pamoja na kome wanane wa majini. Wamebandikwa vifaa kwenye makombe yao. Maji yakiharibika hujifunga, na king'ora hulia. Wasomi wa Ulaya hawakuona aibu kumsikiliza kome. Nami, kwa unyenyekevu uliopita kiasi, naomba umwajiri sato.

Nitakuletea mmoja, mwenye afya, katika ndoo safi. Naomba akae mezani pako, mkono wa kulia, kwenye kioo kinachopokea maji moja kwa moja kutoka bomba la ofisi yako, bila simtanki, bila kusubiri, bila thiosulfeti, kama tunavyoyapokea sisi. Apewe namba ya ajira, kitambulisho na posho ya chakula. Ahudhurie vikao vyote vya menejimenti. Siku akianza kuhema juu ya maji, hiyo iwe ripoti yake ya maandishi, na kikao kisifungwe mpaka wateja wote wametumiwa ujumbe. Akifia kazini, familia yake, yaani sisi wafugaji wa mji huu, tulipwe kiinua mgongo kwa hesabu ya kila sato aliyekufa siku hiyo kwa kukosa taarifa, na bendera ya ofisi ishushwe nusu mlingoti.

Iwapo utaona ombi hili ni la ajabu, Mheshimiwa, lile la ujumbe wa simu bado lipo kwenye kabati lako, na limegongwa muhuri.

Wako mtiifu, mlipaji wa bili kwa wakati,

Mfuga sato, jirani wa tangi kuu

Nakala: Ubao wa matangazo, Ofisi ya Serikali ya Mtaa