Umeme wa Maganda

Tanuri la kuzalisha umeme kwa taka hufuata kanuni nyepesi: taka huungua, joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mtambo, umeme hutoka. Ugumu uko kwenye kuni zenyewe. Taka za nyumbani Dodoma ni maganda ya viazi na ndizi, makoko ya ugali na masalia ya mlenda, vitu vyenye maji mengi na joto dogo. Chupa za plastiki na maboksi, ambavyo vingewaka kwa furaha, mara nyingi huokotwa na kuuzwa kabla ya kufika dampo la Chidaya. Mchanga uliofagiwa uani, ambao katika nyanda hizi kame haukosekani, huchangia uzito tu.

Addis Ababa walizindua tanuri la Reppie Agosti 2018: megawati 25, kwa mlo uliokusudiwa wa tani 1,400 kwa siku. Mji wenye tumbo kama hilo hulazimika kutupa kwa bidii.

Dodoma bado haina tanuri, ila uchomaji umeshatangulia. Jioni, nyuma ya nyumba nyingi, taka huteketea bila mtambo, bila chujio la moshi wala mita ya TANESCO, na huduma hiyo huwafikia majirani wote bila mgawo.