Mheshimiwa Waziri, mtoto anayenyamaza mstarini asiadhibiwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: OMBI LA WARAKA KUHUSU WIMBO WA TAIFA NA AHADI ZA UZALENDO SHULENI

Mheshimiwa Waziri,

Husika tafadhali na kichwa cha habari hapo juu. Natambua kwamba muda wako ni mali ya taifa zima. Nakuandikia kutoka Mtwara nikiwa mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, na iwapo litanitoka neno lisilolingana na cheo chako, naomba radhi mapema, maana sikukusudia kukukosea adabu.

Mheshimiwa, katika mazungumzo ya watu wazima huku kwetu huzuka mara kwa mara hoja yenye nia njema. Husemwa kwamba uzalendo umeshuka, na kwamba dawa ni kuwarudishia watoto ahadi za kukariri kila asubuhi, kama wazee wetu walivyokariri ahadi za mwana-TANU enzi za ujana wao. Wapo wanaoongeza kwamba mtoto asiyetaka kuimba wimbo wa taifa hana nafasi shuleni. Nawaheshimu wanaosema hivyo. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 haikupata umoja kwa bahati, na asubuhi zile ambazo mtoto wa Kimakonde, wa Kimakua na wa Kiyao husimama mstari mmoja bendera ikipanda zimechangia kuujenga. Mimi nauimba wimbo wetu kwa moyo wote, na ningependa wanangu wauimbe vivyo hivyo.

Ninachokuomba kwa unyenyekevu ni kwamba asilazimishwe mtoto yeyote, na yule anayenyamaza kwa heshima asichapwe, asisimamishwe masomo, wala asifukuzwe.

Ombi hili lina msingi katika sheria za nchi yetu. Tarehe 12 Julai 2013, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi 127, waumini wa Mashahidi wa Yehova, waliokuwa wameadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Baadhi yao walifukuzwa shule na wengi walisimamishwa masomo. Uhuru wao wa kuabudu unalindwa na ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, na majaji hawakuona kwamba unakoma kwenye geti la shule. Lakini hukumu ya mahakama husomwa zaidi na mawakili. Mwalimu wa zamu kule Kitaya au Msimbati huenda hajawahi kuiona, naye atatenda kama alivyotendewa alipokuwa mwanafunzi. Waraka wako, Mheshimiwa, humfikia kila mwalimu mkuu. Ndiyo sababu nimekuja kwako.

Naomba ruhusa nieleze kwa nini naamini kwamba kulazimisha hakulei mzalendo.

Miongoni mwa ahadi za mwana-TANU ilikuwamo ya kutotoa wala kupokea rushwa. Vijana wengi waliikariri wakakua nayo, wakawa makarani, mahakimu, askari na wakurugenzi. Mzee wetu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso huko Masasi, alipoingia Ikulu mwishoni mwa 1995, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba ichunguze kero ya rushwa. Taarifa ya tume hiyo ya mwaka 1996 ilionyesha jinsi rushwa ilivyokuwa imepenya katika utumishi wa umma. Ahadi ile ilikuwa njema, tena njema sana. Ila kuikariri hakukutosha pale palipokosekana usimamizi na mfano wa wakubwa.

Majirani zetu Kenya nao, enzi za Rais Daniel arap Moi, waliwakaririsha watoto wa shule kiapo cha utii kwa Rais na taifa. Desemba 2002 wengi wa watoto hao, sasa watu wazima, walipanga foleni vituoni wakakiondoa chama tawala, KANU, madarakani kwa kura. Hawakuwa wasaliti wa nchi yao, bali walikuwa wamejifunza kutofautisha nchi na mtawala, vitu viwili ambavyo kiapo kile kilikuwa kimevichanganya.

Hata Marekani imepita njia hiyo. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali watoto walazimishwe kusalimu bendera. Miaka 3 tu baadaye, Juni 1943, katika kesi ya Barnette kutoka West Virginia, mahakama hiyo hiyo ilibadili msimamo, wakati askari wa nchi hiyo wakiwa katikati ya Vita Kuu ya Pili. Ikiwa taifa lililo vitani liliweza kumvumilia mtoto aliyenyamaza, naamini sisi tulio katika amani tunaweza.

Mheshimiwa, sisi wa Mtwara tunajua kwa uchungu wetu kwamba uzalendo haupimwi kwa maneno. Mwaka ule ule wa hukumu, 2013, mkoa wetu ulitikisika, Januari na tena Mei, kwa sababu ya gesi ya Mnazi Bay na bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Watu walikufa na majengo yalichomwa, na hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuyasifu hayo. Katika maneno niliyoyasikia siku zile, lililonikaa moyoni ni lile la kwamba watu wa kusini si wazalendo. Hao ni watu waliokuwa ukingoni mwa mto Ruvuma tangu mapambano ya FRELIMO dhidi ya Wareno yalipoanza Septemba 1964 hadi Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Waliwapokea wapigania uhuru na wakimbizi, na vita vya Wareno vikawafikia hadi vijijini mwao. Hapo Naliendele yapo makaburi ya askari wetu waliofia upande wa Msumbiji. Uzalendo wa watu hawa ulionekana katika walichokitoa, na ungeonekana hata kama hakuna aliyewahi kuwasikia wakiapa.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Sheria zetu hazimruhusu mtoto wa miaka 7 kusaini mkopo, kwa kuwa hajui uzito wake. Ahadi kwa taifa ni nzito kuliko mkopo wowote, nasi tungeiheshimu zaidi kama tungemwachia aitoe atakapoielewa, kwa hiari yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa heshima zote naomba wizara yako, kwa kushirikiana na TAMISEMI, itoe waraka kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kwanza, uwakumbushe walimu hukumu ya 2013 kwa Kiswahili chepesi. Pili, useme wazi kwamba mwanafunzi anayesimama kwa utulivu bila kuimba au kutamka ahadi hajafanya kosa la nidhamu. Tatu, uelekeze kwamba maneno ya wimbo wa taifa, na ya ahadi yoyote itakayobuniwa, yafafanuliwe katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na watoto waruhusiwe kuyauliza maswali. Watoto wa Mtwara wapelekwe Naliendele, waelezwe waliolala pale walikufa kwa ajili ya nini. Mtoto aliyefundishwa hivyo akiuimba wimbo wa taifa, atakuwa anauimba kwa kuwa amependa. Na mwenzake anayenyamaza kwa ajili ya imani yake bado ni Mtanzania kamili, mwenye haki ya dawati lake.



Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Mtawanya, Mtwara.