Kupanua Seva ya Johannesburg Ukiwa Malakisi

Kwanza chaji simu na kompyuta. Stima ikipotea Malakisi kazi ikiwa katikati, seva ya Johannesburg itaendelea na kazi yake, ila wewe hutajua imefika wapi. Kisha mwombe karani wa ushirika asimamishe kupokea mahindi, kwa maana seva hii inayotunza mapokezi ni mashine pepe ya Azure, nayo haibadilishwi ukubwa bila kuzimika na kuwaka upya. Wakulima wakiwa foleni na magunia yao ya kilo 90, ahirisha hadi usiku.

Sasa soma jina la ukubwa wa mashine herufi kwa herufi, kama unavyosoma pakiti ya mbegu. Mahindi ya H614 yanayostawi nyanda za Kitale hayakukusudiwa joto la Malakisi, hata pakiti zikifanana. Vivyo hivyo D4_v3 na D4s_v3: zote zina vichakataji 4 na kumbukumbu ya gigabaiti 16, lakini yenye s hupokea diski za Premium, isiyo na s huzikataa. Herufi moja tu!

Hesabu pia diski za data. D8s_v3 hubeba 16, D4s_v3 hubeba 8, D2s_v3 hubeba 4. Mweka hazina akitaka kupunguza gharama nanyi mna diski 6, D2s_v3 haitakubali hata apige magoti.

Hapa kwenye diski ya muda nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona watu wakilia. Diski hiyo huja na mashine, ina kasi, na inavutia. Ni kibaraza, si ghala. Mashine ikizimwa na kuachiliwa, vilivyomo hufutika. Kikundi kimoja cha wakulima kiliweka humo mapokezi ya msimu mzima. Mama mmoja mjane alingoja malipo ya magunia yake wiki tatu, tukiunganisha hesabu kutoka risiti za karatasi, nyingine zimelowa mvua. Ada ya shule haikungoja. Kwa hiyo hamisha kila kitu kwenye diski ya kudumu, halafu uchukue nakala ya diski hiyo, kabla ya kugusa kitufe chochote.

Sasa chagua ukubwa mpya kwenye orodha ya Azure. Ukubwa unaoutaka usipoonekana humo, zima mashine kabisa, iachilie, ujaribu tena. Anwani yake ya intaneti yaweza kubadilika ikiwa haikuwekwa ya kudumu.

Ikishawaka, mwambie karani aandike gunia moja la majaribio. Likionekana, alifute, kisha afungue mlango.